Titi la Kulia Halijaguswa

Jumatatu, 3 Machi

Kosa wanalofanya wengi wakitaka kuficha jambo ni kulifunika. Jambo lililofunikwa huvutia macho kama sufuria yenye kifuniko. Kila apitaye hutaka kujua kimepikwa nini. Mwenye akili hafuniki. Huwaelekeza watu watazame kwingine. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, najua macho ya watu yanavyofanya kazi. Naandika haya yawe kumbukumbu, kwa sababu leo nimeumbuliwa na futi ya fundi cherehani.

Tulikwenda kupimwa mashati. Shule yetu inatimiza miaka hamsini. Tarehe 22 walimu wastaafu watatembea kutoka getini mpaka uwanja wa mpira wa mjini, wote ndani ya shati jeupe. Jeupe! Na jembamba! Mimi nimechaguliwa kubeba bango la mbele, upande wa kushoto. Heshima kubwa. Upande wa kulia atabeba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa michezo. Tunamwita Afande kwa sababu ya filimbi yake. Heshima imepungua kidogo.

Sasa, fundi huyu ana utaratibu wake. Yeye hupima, mkewe huandika. Lakini mkewe hukaa kwenye cherehani upande wa pili wa baraza, na cherehani hainyamazi, hivyo fundi hutangaza vipimo kama anayeuza samaki. Shingo kumi na sita! Bega kumi na nane! Kifua... Akapima tena. Akaninong'oneza nishushe pumzi. Nikashusha. Akauliza kama nina kitu mfukoni. Sina mfuko. Mkewe akasimamisha cherehani, akauliza kwa nia njema kabisa, na kwa sauti ileile ya kushindana na cherehani iliyokwisha kunyamaza, kama aandike na ile mikunjo ya kuachia nafasi kifuani.

Ile ya blauzi.

Foleni nzima ya wastaafu ikatazama viatu vyake. Afande hakutazama viatu. Alisema, "Hongera shemeji, ndoa imekukubali." Yeye mwenyewe hakupimwa. Alimpa fundi kikaratasi, akadai vipimo vyake anavijua kwa kichwa tangu ujana. Majivuno! Joto lote lile, na jaketi lake la michezo limefungwa zipu mpaka kidevuni.

Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni. Kweli. Mawili. Na nikiyabonyeza yanauma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwa na haki ya kuitumia methali hiyo kunishinda mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mjinga hukimbilia dawa. Msomi huweka jaribio.

Nitaeleza. Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, huitumii mahali pote. Unatibu upande mmoja, na mwingine unauacha kama ulivyo, ili uwe wa kulinganishia. Mimi nimejaliwa pande mbili. Bahati! Titi la kushoto: barafu ndani ya soksi, dakika kumi asubuhi na jioni, kisha dawa ya kuchua misuli. La kulia: haliguswi.

Kipimo ni uzi mnene, kutoka mfupa wa katikati ya kifua, kupita juu ya chuchu, hadi kwapani. Nafunga fundo. Futi ya nyumba siwezi kuitumia, kwa sababu ni ya Mkuu, na Mkuu ataniuliza napima nini.

Mkuu ni mke wangu. Alikuwa mwalimu mkuu wangu kwa miaka kumi na miwili, na alipostaafu alisahau kuacha. Ameshauliza kwa nini kuna soksi ndani ya friji. Nimemjibu kwamba baridi huua wadudu wa soksi. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi ambao daftari zao zililiwa na mbuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kamati. Nilipendekeza bango libebwe usawa wa kifua. Hoja zangu zilikuwa imara: upepo, uzito, umri wa mabega yetu. Nikachora ubaoni mishale ya upepo. Mwenyekiti alipendezwa na mishale.

Afande akasimama. Akasema bango si aproni. Akasema mwalimu wa sayansi anayeogopa upepo ni sawa na mpishi anayeogopa moshi. Bango liende juu, mikono juu, kifua mbele! Watu wakapiga makofi. Kura: wote juu, mimi chini. Afande ndiye aliyenyoosha mkono wa mwisho, polepole, huku ananitazama. Alikuwa anauonja ushindi.

Mikono juu! Ndani ya shati jembamba! Mbele ya shule nzima, na wanafunzi wangu wa miaka thelathini na mmoja wamejipanga kando ya barabara! Nitakumbukwa. Si kwa baiolojia.

Kila mbebaji amepewa ufito wake akaupige msasa na rangi nyumbani. Nimeubeba wangu kama msalaba. Una urefu wa mita mbili na nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Matokeo ya siku tatu. Titi la kushoto: jekundu, linawasha, linanuka kama chumba cha kubadilishia nguo cha timu iliyofungwa. La kulia: limetulia, lina afya njema.

Nilitaka kuhakikisha kwa uzi. Uzi haupo. Nikautafuta nyumba nzima. Nimeukuta bustanini, umefungia mche wa nyanya. Mkuu anasema aliuokota mezani, akaona umefungwa mafundo mafundo, akajua ni takataka. Siku tatu za sayansi zinashikilia nyanya!

Lakini mwanasayansi hakati tamaa. Nikajiuliza swali nililopaswa kujiuliza mwanzo: ni nini kilibadilika? Nikachukua lenzi, nikasoma vikaratasi vya dawa zangu zote, yale maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya sisimizi. Na nikalikuta! Kidonge cha moyo, kile kidogo cha kutoa maji mwilini, nilichopewa Julai baada ya kulazwa. Kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa tumbo, na chini kabisa, kama aibu ya familia: kuvimba matiti kwa wanaume.

Mwizi nimemkamata. Kuanzia leo simezi. Kwa muda wa jaribio tu.

Tatizo ni Mkuu, ambaye huvihesabu vidonge kila Jumapili. Kwa hiyo kila asubuhi nitatoa kimoja kama kawaida, nitakunywa maji kwa sauti, kisha nitakizika kwenye chungu cha mpungate, ule mmea wa miiba, pale dirishani. Hakuna anayeingiza mkono kwenye chungu cha mpungate.

Jumapili, 9 Machi

Wakati nikisubiri matokeo ya kutomeza, nimejaribu bendeji. Mizunguko sita, pini mbili. Mbele ya kioo nilikuwa bapa kama ubao. Nikakaa kula chakula cha mchana na Mkuu na Afande, nimenyooka, sipumui sana. Afande akaniuliza kama nimemeza rula. Nikacheka. Kosa! Pini ya kwanza ikafyatuka na kutua kwenye mchuzi. Mkuu aliiokota kwa kijiko, akaiweka kando ya sahani, akaendelea kula. Hakuna kinachonitisha kama Mkuu akiendelea kula.

Mchana, Mkuu alipolala, nikachukua msumeno. Kama kura haishuki, ufito utashuka. Nikajipima: mwisho wa ufito uwe kiunoni, bango lining'inie mbele ya kifua, kidevu kibaki nje. Nikakata mita mbili. Afande anao ufito mrefu bado, ndiyo, lakini bango haliwezi kutembea limeinama kama kofia ya mlevi. Atalazimika kushusha wake. Nimemweka mtegoni mtu mzima.

Kipande nilichokata nimekichomeka bustanini kishikilie nyanya. Mkuu amenisifu kwamba angalau kuna kitu nimefanya.

Jumatano, 12 Machi

Viatu vyangu vimepungua. Vyote. Hata kandambili zinabana. Nimemwambia Mkuu ngozi ya siku hizi haina ubora. Akauliza kama kandambili ni za ngozi.

Asubuhi nilipanda ngazi za posta. Ngazi ni ishirini na mbili tu, nimezipanda miaka yote. Leo nilisimama mara tatu, nikajifanya nasoma matangazo ukutani. Tangazo moja lilihusu mbuzi aliyepotea. Nililisoma mpaka nikamjua yule mbuzi.

Niliporudi, chungu cha mpungate kilikuwa mezani. Mkuu alikuwa ameamua kuuhamishia kwenye chungu kikubwa. Vidonge sita vilipangwa kwenye sahani, vimeoshwa udongo, mstari mmoja, kama wanafunzi watoro.

Nilianza kueleza habari ya jaribio. Alininyamazisha kwa kidole. Alisema amewahi kufukuza wanafunzi kwa makosa madogo kuliko haya, ila mimi hawezi kunifukuza kwa kuwa nitarudi kuomba chai. Kisha sauti yake ikabadilika. Alisema mwezi wa Julai alikaa siku mbili kwenye benchi la hospitali akinisikiliza nikipumua kama mpira uliotoboka. Alisema alihesabu kila pumzi, na baina ya pumzi moja na nyingine hakuwa na la kufanya. "Mwalimu, sitaki kuhesabu tena." Akaniinua mguu, akaubonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Tukalitazama wote wawili, halijai.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema.

 

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Daktari ni binti mdogo mwenye mikono baridi, aliyeomba radhi kwa mikono hiyo kabla ya kuitumia. Mkuu alikaa kwenye kona kama msimamizi wa mtihani.

Nikamkabidhi daktari daftari la jaribio. Alilisoma lote, jambo ambalo kamati haijawahi kulifanya. Akasema kwa upole kwamba dawa ya kumeza hupita kwenye damu, na damu huenda kulia na kushoto, hivyo titi la kulia halikuwa la kulinganishia chochote. Lilikuwa mgonjwa wa pili. Pia akasema nilibadili mambo mawili kwa pamoja, barafu na kuchua, kisha nikaongeza la tatu. Kosa la kidato cha pili! Nililisahihisha kwa wino mwekundu miaka yote.

Alinibonyeza taratibu, pande zote, na kwapani. Chini ya kila chuchu kuna kitu kama kifungo cha koti. Kinauma, kinasogea. Alieleza kwamba hiyo ni tezi yenyewe imekua, si mafuta tu ya unene, na kwamba hutokea kwa wanaume wengi: wavulana wanaobalehe, wazee, wanaotumia dawa fulani, wenye maradhi ya ini au figo. Mara nyingi si hatari. Lakini mwanamume naye hupata saratani ya titi. Uvimbe mgumu usiosogea, upande mmoja, au chuchu inayotoa damu, au ngozi iliyobonyea, hayo hayasubiri matembezi. Kwa hiyo akaagiza kipimo cha picha na cha damu ili tuwe na hakika.

Mimi mwalimu wa baiolojia sikuyajua hayo? Niliyajua. Niliyafundisha. Nilidhani ni ya watu wengine.

Kuhusu kidonge, nilikisia sawa! Mwizi ni yeye. Niliomba hilo liandikwe kwenye faili. Daktari akasema kukisia sawa na kuacha dawa ya moyo kimyakimya ni vitu viwili, na cha pili kingenifikisha mahali ambapo matiti si tatizo. Kipo kidonge kingine cha kazi ileile kisichogusa matiti sana. Amenipa. Mkuu amekiweka kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yamerudi. Hakuna kibaya. Mkuu alimshukuru daktari mara mbili, kisha akajifanya anatafuta miwani kwenye mkoba kwa muda mrefu. Miwani ilikuwa usoni.

Sasa ni kuamua. Daktari ameziweka njia mezani. Kwanza, kusubiri: dawa imebadilishwa, na tezi ambayo haijakaa muda mrefu, tena bado inauma, huweza kusinyaa kwa miezi kadhaa. Ikishakaa miaka huwa ngumu, haisinyai tena. Pili, upasuaji: kuikata tezi kwa tundu dogo pembeni ya chuchu, kwa anayesumbuliwa sana, na kwangu mimi lazima daktari wa moyo akubali kwanza. Tatu, kuyaacha. Hakuna sheria inayomlazimisha mwanamume kuwa bapa.

Nilimuuliza Mkuu maoni yake. Alisema hakuolewa na kifua, na laiti angeolewa na kifua, hiki kingekuwa nyongeza.

Nimeamua kusubiri. Miguu imerudi kuwa miguu. Daktari ameruhusu matembezi, ila taratibu, na nikichoka nikae.

Nilikumbuka ufito. Umekatwa. Haurefuki.

Jumamosi, 22 Machi

Yafuatayo ni ya kweli yote.

Saa mbili asubuhi, getini. Mashati meupe yamevaliwa, la Afande likiwa chini ya jaketi lake. Langu limeshonwa likiwa na ile mikunjo. Fundi aliyafuata maandishi ya mkewe. Nikauficha ufito nyuma ya mgongo, nikijiandaa kwa uso wa Afande. Mwenyekiti akaamuru bango lifungwe. Nikautoa wangu, mfupi. Watu wakaguna. Nikageuka kumwangalia Afande.

Ufito wake ulikuwa mfupi.

Haukuwa mfupi kama wangu. Ulikuwa mfupi sawasawa na wangu! Tulizisimamisha pamoja. Unywele haupiti katikati. Bango likafungwa, tukalinyanyua, likanyooka kama mstari wa daftari, usawa wa kifua, videvu nje. Mwenyekiti alishindwa kuelewa. Akatangaza kwamba mchwa wameharibu fito. Mchwa wenye rula!

Tukatembea. Zikapita hatua mia. Kisha Afande, akiangalia mbele, akauliza kwa pembe ya mdomo, "Tangu lini, shemeji?" Nikamwambia tangu Julai, kidonge. Nikamuuliza yeye. Akasema tangu ana miaka kumi na nne.



Akasema alitegemea yangeondoka kama ya wavulana wengine. Hayakuondoka. Akawa mwalimu wa michezo kwa sababu mwalimu wa michezo ndiye mtu pekee anayevaa jaketi mchana kutwa bila kuulizwa. Hajawahi kuogelea. Miaka thelathini amewafundisha watoto kuogelea akiwa nchi kavu, kwa filimbi. Ndiyo maana anavijua vipimo vyake kwa kichwa. Hajawahi kumruhusu fundi.

Na mimi niliita majivuno.

Nikamuuliza, basi kwa nini alipinga hoja yangu ya kifuani? Akasema katika miaka yote hiyo hajawahi kukubaliana nami hata mara moja. Angekubali siku ile, watu wangeshtuka wakaanza kuchunguza. Hoja safi kabisa. 

Pale kwenye kona ya soko niliishiwa pumzi kidogo. Nikasema lazima nikae. Afande akapiga filimbi, msafara wote ukasimama, akatangaza kwamba itifaki inadai mapumziko mahali hapo. Tukakaa ukingoni mwa mtaro, bango magotini. Nikamweleza kila kitu, kwa utaratibu: tezi na mafuta, picha na damu, na kwamba yake ya miaka hamsini haitayeyuka kwa kusubiri, lakini kuna upasuaji, nao haungoji mtu awe kijana. Nikamwambia kuhusu binti mwenye mikono baridi. Aliuliza kama huwa anapaza sauti. Nikamwambia hapana, na hana mke wa kumwandikia.

Akafungua zipu. Nusu. Akasema kuna upepo mzuri.

Jumapili, 23 Machi

Afande amepiga simu alfajiri. Hakulala, amekata shauri. Kesho anakwenda kwa daktari, apimwe, na kama atakubaliwa apelekwe kwa mpasuaji. Ameniomba nimsindikize, kwa kuwa anaogopa. Afande! Anaogopa!  Nikamwambia nitakuwepo, hata kama ni kushika jaketi.

Mkuu amefurahi. Ameuliza kama sasa nimejifunza kitu. Nimemjibu kwamba nimejifunza mengi, na ni kweli. Nimejifunza kwamba jaribio langu lilishindwa kwa sababu moja tu: pande zote mbili zilikuwa kwenye damu moja, na dawa ilizipita zote. Upasuaji hauko hivyo! Kisu hakipiti kwenye damu. Kisu hukaa kinapowekwa.

Sijui kwa nini sikuliona mapema. Afande akatwe la kushoto tu. La kulia liachwe kama lilivyo, la kulinganishia, miezi sita. Mimi nitapima kila Jumapili. Mkuu amenunua uzi mpya wa nyanya, imara, na najua anapouweka.

Nimempigia Afande kumweleza, kwa kifupi, dakika kama arobaini. Simu yake imekatika. Mtandao siku hizi ni mbovu.

Kazi ya leo: meza kidonge kwanza, Mkuu akiona, kisha mpigie tena kabla hajamwambia daktari zikatwe pande zote mbili.